Gobore Nililolisugua

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita nilipoliharibu gobore la babu yangu kwa kulisafisha. Nalitanguliza hili ili msomaji asije akadhani naandika kama mtaalamu wa bunduki au mwanahistoria. Mimi ni mtoto wa Mpanda tu. Haya nimeyaokota huku na huku, mengine vitabuni, mengine kwa wazee, na nimeyaokota kwa sababu nina deni.

Ilikuwa mwaka 2012, mwaka ule ule Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa ikawa mkoa. Shule zilifungwa mwezi wa sita, nikapelekwa Inyonga kwa babu mzaa baba. Babu alikuwa Mkonongo, mtu wa nyuki, na gobore lake alilimiliki kihalali. Karatasi ya kibali aliihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na kadi ya chama na stakabadhi za kodi za enzi zile. Gobore lenyewe lilining'inia juu ya kitanda chake. Lilikuwa refu, limekaribia kimo changu, na mtutu wake ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, kama chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Pale penye shingo ya kitako palifungwa ngozi ya mnyama, imekauka ikawa ngumu kama mfupa, na juu ya ngozi mizunguko ya waya wa shaba. Mbao zilikuwa nyeusi kwa nta na mikono ya watu. Karibu na mwisho wa mtutu na kwenye bamba la mtambo palikuwa na alama zilizogongwa chumani. Mojawapo ilikuwa taji. Taji hilo nalikumbuka vizuri sana. Ambacho sikumbuki ni lilikuwa wapi.

Siku hiyo babu alikwenda porini kukagua mizinga, safari ya siku tatu. Mimi nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha. Nilikwenda kwa fundi seremala nikaomba vipande vya msasa, ule mkali wa kulalia mbao mbichi, nikachukua mafuta ya taa na majivu, nikaanza kazi. Wee bwana, nilisugua! Siku nzima nilisugua na ya pili yake nikasugua. Ile ngozi niliikata kwa kisu nikaitupa kwa kuwa ilinuka na mende walikuwa wamejificha ndani yake. Kumbe chini yake mbao ilikuwa imepasuka. Nikaibana kwa misumari miwili. Halafu nikapata rangi nyeusi ya mafuta iliyobaki ya geti la shule, nikapaka kitako chote. Rangi ikachirizika na kuganda kwa matone, lakini mimi niliona imependeza. Mtutu ukang'aa kama kijiko kipya.

Babu alirudi jioni ya siku ya tatu akiwa na ndoo ya asali.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hii bunduki ameleta nani?"

"Ni ile ile, babu. Nimeisafisha."

Aliweka ndoo chini. Aliichukua, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole gumba karibu na mwisho wa mtutu. Akapitisha tena. Akageuza upande wa mtambo, akapitisha kidole na hapo.

"Na ngozi?"

"Nimeitupa, ilikuwa imeoza."

"Basi," alisema. Akaitundika mahali pake. "Basi." Usiku tulikula ugali bila mazungumzo, na tangu siku ile hadi anafariki hakunipiga wala kunisema kwa jambo hilo. Afadhali angenichapa.

Sasa nieleze kwa nini. Ukoo wetu ulikuwa na ubishi juu ya gobore hilo kabla sijazaliwa. Babu alishikilia kwamba babu yake yeye alilipata katika vita vya Mpimbwe, akiwa kijana wa Mirambo, ruga-ruga. Babu mdogo, yaani mdogo wake babu, alisema huo ni uongo wa kujitafutia ukubwa. Kwa mujibu wake mzee wetu huyo hakuwa ruga-ruga wa mtu yeyote. Alikuwa mtoto aliyetekwa huko ng'ambo ya ziwa, akakombolewa na mapadri wa Karema, akakulia hapo misheni, na bunduki alipewa alipokuwa mtu mzima. Unaona uzito wake? Kwa maneno ya babu sisi ni wajukuu wa mtekaji. Kwa maneno ya babu mdogo sisi ni wajukuu wa mtekwa. Na shahidi pekee asiyekuwa na upande alikuwa chuma kile, ambacho mimi nilikilamba kwa msasa.

Hadithi zote mbili zinawezekana, na hapo ndipo penye taabu. Karema ipo, kwenye ufuko wa Tanganyika, leo ni Wilaya ya Tanganyika katika mkoa wetu huu huu. Wabelgiji wa ile Jumuiya ya Kimataifa ya mfalme Leopold wa Pili walijenga boma lao hapo mwaka 1879, kiongozi wao akiitwa Cambier, na mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadri Weupe. Mapadri waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawalea misheni. Baadaye akaja Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, akaufundisha ujana wa kiafrika kutumia bunduki kuzilinda misheni za ziwani dhidi ya wawinda watumwa. Aliyekombolewa kupewa bunduki si jambo la ajabu hata kidogo.

Na Mpimbwe nako mambo yalikuwa. Mwaka 1879 mfalme huyo huyo Leopold alileta tembo wanne kutoka India, wakashushwa pwani karibu na Dar es Salaam, ili ijulikane kama wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Msimamizi wao alikuwa Carter. Tembo walikufa mmoja baada ya mwingine. (Sisi wa Katavi tunaoishi na tembo wetu wa kufukuzwa mashambani tunaweza kucheka kidogo hapa: tembo analetwa kwa meli mpaka nchi ya tembo!) Mwezi Juni 1880 Carter na mwenzake Cadenhead walikuwa Mpimbwe, safarini kurudi pwani, wakati Mirambo alipokishambulia kijiji walimokuwemo. Wote wawili waliuawa humo. Norman Bennett ameyaeleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu Mirambo, na jinsi tukio hilo lilivyomharibia uhusiano na Waingereza wa Unguja. Mirambo mwenyewe alifariki Desemba 1884. Kwa hiyo kijana wa Kikonongo aliyeingia vitani upande wa Mirambo na kutoka na bunduki mkononi, hilo nalo si ajabu.

Bunduki zenyewe zilikuwa nyingi kupita kiasi. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yamehamia bunduki za kujazwa nyuma katika miaka ya 1860 na 1870, na zile kuukuu za kushindiliwa mdomoni kwa mdeki ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Zikapakiwa meli. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba zinaingia upande huu wa Afrika bunduki kati ya 80,000 na 100,000 kila mwaka. Nyingi zilipanda bara na misafara mpaka Unyanyembe, na kutoka Unyanyembe kuja Ukonongo ni njia moja.

Lakini siyo zote zilikuwa kuukuu za majeshi. Mafundi wa Birmingham, Uingereza, na wa Liège, Ubelgiji, walitengeneza nyingine mpya kwa ajili ya biashara ya Afrika tu, za bei rahisi. Bunduki za serikali ya Uingereza ziligongwa kwenye bamba la mtambo alama ya taji na neno TOWER, maana yake ile ngome ya London zilikohifadhiwa silaha. Mteja wa Afrika aliifahamu alama hiyo na kuiamini. Basi wafanyabiashara nao wakaigonga alama hiyo hiyo, au inayofanana nayo, kwenye bunduki ambazo hazijawahi kuiona ngome yenyewe hata kwa mbali. Kwa hiyo kama taji langu lilikuwa kwenye bamba la mtambo, halituambii kitu. Laweza kuwa la kweli, laweza kuwa la bandia.

Lakini Liège walikuwa na alama yao nyingine ya kuonyesha kwamba mtutu umejaribiwa kwa baruti ukastahimili: umbo la yai, ndani yake herufi ELG na nyota chini. Iligongwa kwenye mtutu, karibu na mwisho wake, pale pale babu alipopitisha kidole. Na mwaka 1893 Wabelgiji waliongeza kitu juu ya yai hilo. Waliongeza taji.

Msomaji ameshanielewa. Kama taji ninalolikumbuka lilikuwa juu ya mtutu, juu ya yai, basi gobore lile halikuwepo duniani mwaka 1880. Vita vya Mpimbwe vinafutika, na mzee wetu ni mtoto wa Karema. Kama yai halikuwa na taji, na taji lilikuwa kwenye bamba, basi babu anaweza kuwa alisema kweli. Nimelala nikilifikiria taji hilo usiku mwingi. Naliona kabisa, na vishanga vyake juu. Nikijaribu kuona limekaa juu ya nini, naona msasa.

Nilianza kujiuliza pia juu ya ile rangi ya kahawia niliyoiondoa kwa kuidhani uchafu. Nimejifunza baadaye kwamba kutu yenyewe iliwahi kuwa ufundi. Fundi wa zamani alipotaka mtutu uwe wa kahawia aliuosha kwanza kwa chokaa mpaka mafuta yote yatoke, na tangu hapo hakuugusa kwa mkono mtupu, maana alama ya kidole tu ilitosha kuacha doa. Akaupaka maji ya dawa, humo mna tindikali, mna mrututu huu huu tunaoujua, akauacha mahali penye unyevu upate kutu nyembamba. Kisha aliikwangua kutu ile kwa brashi ya waya, akapaka tena, akaacha tena, siku nyingi, mpaka rangi ikakolea sawasawa. Mwishoni aliizima dawa kwa maji ya moto na kupaka nta au mafuta. Kutu ya namna hiyo imeshikamana, inaziba chuma kisiliwe na kutu ile nyingine inayobanduka magamba. Na kabla ya hapo, askari wa Kiingereza wa karne ya 18 walilazimishwa kuing'arisha mitutu yao kwa unga wa matofali kila siku ili ipendeze kwenye gwaride, hata mingine ikaliwa ikawa myembamba mpaka ya hatari kwa mpigaji. Mimi nilikuwa nimerudia upuuzi wao bila kulipwa mshahara.

Kama kahawia ya gobore letu ilipakwa na fundi wa Ulaya au ililetwa na mvua za Inyonga za Novemba hadi Aprili, sasa hakuna wa kusema. Najua tu kwamba babu aliilea. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kula chuma, hivyo kila alipopiga, hata kama amechoka, alichemsha maji akayamimina mtutuni, akaukausha kwa kitambaa kwenye mdeki, akaupaka mafuta. Kitakoni alipaka nta ya mizinga yake mwenyewe.

Na ile ngozi? Ile ilikuwa dawa ya mfupa uliovunjika. Shingo ya kitako ndipo bunduki hupasukia ikianguka. Wazee wa bara hili, si Ukonongo tu, walichukua ngozi mbichi wakaivalisha mahali palipopasuka na kuishona ikiwa na maji. Ikikauka hujikaza kuliko kamba yoyote. Waya wa shaba juu yake ni nguvu na pambo pia. Babu mdogo ameniambia kwamba ngozi ile alivalisha baba yao. Misumari yangu miwili ilipanua ufa.

Hapa nichepuke kidogo kwenye risasi. Kwa Kiswahili neno hilo ni madini na ndicho kinachotoka mtutuni, na Mpanda yetu ilikua kwa sababu ya madini hayo. Yaligunduliwa mwaka 1934, na reli ya kutoka Kaliua ikafunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi. Babu alifanya kibarua pale ujanani. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, mji ukabaki. Nilipomuuliza kama goroli za gobore lake zilitokana na mgodi alisema hakuwahi kutoka getini hata na punje. Alisema haraka mno.

Mwaka 2017 nilipata kazi ya msimu kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii, kuosha magari na kumsaidia dereva mmoja tuliyemwita Mjomba, ambaye kabla ya hapo alikuwa fundi wa kupiga rangi magari mjini Mpanda. Alikuja mgeni mmoja kutoka nje na raifo ambayo nusu ya vyuma vyake alivipeleka kwa fundi wa kwao vikapigwa rangi maalumu, rangi ya vumbi, na komeo nyeusi. Siku ya pili aligundua dosari. Kwenye mtutu palikuwa na chunusi moja, punje ndogo iliyoganda chini ya rangi, na kwenye ukingo wa komeo rangi ilikuwa nyembamba mpaka chuma kinachungulia. Mgeni alikasirika kama mtu aliyeibiwa. Alilipia kazi ile fedha nyingi, na sasa anakwenda kupiga picha na nyati akiwa na bunduki yenye chunusi. Mwindaji wetu kiongozi akamwita Mjomba, akamwambia wewe ni fundi rangi, tazama.

Mjomba aliomba kwanza aelezwe rangi ile inapigwaje, na mimi nilisimama pale nimeshika kitambaa nikasikiliza kila neno. Kumbe si rangi ya kukauka kwa hewa. Chuma kinatolewa mafuta yote, kinapigwa kwa mchanga mkali wa kompresa mpaka uso wake ukwaruzike upate kushika, hakiguswi tena kwa mkono mtupu, kinapuliziwa rangi yenye unga wa kigae, kisha kinaokwa kwenye tanuri, joto kama nyuzi 120, saa mbili. Niliposikia hilo la mkono mtupu nilimkumbuka yule fundi wa chokaa na mrututu. Miaka mia mbili imepita na adui ni yule yule, jasho la kidole.

Mjomba akasema: "Chunusi ni vumbi. Liliingia wakati anapuliza, au chuma hakikufutwa vizuri. Hapa pembeni, pembe kali siku zote hukimbiza rangi." Kisha alipitisha ukucha kwenye ile chunusi, akaukwaruza taratibu ukingo wake aone kama utanyanyuka. Haukunyanyuka. Akafanya vivyo hivyo kwenye komeo. "Haibanduki. Ingekuwa inabanduka, unyevu ungeingia chini, hiyo ingekuwa kesi. Hii ni sura tu."

Mgeni alitaka ifutwe kwa msasa laini na kupakwa kidogo juu yake. Mjomba alikataa. Rangi ya kuokwa, alisema, huwezi kuitia kiraka ukaficha. Tina haiigusi, na ukiipiga msasa mahali pamoja utabaki na bakuli linaloonekana toka mbali kuliko chunusi. Tiba yake ni kwenda kwa aliyeipiga akaivua yote kwa mchanga na kuanza upya. "Na akiivua, mwambie aangalie namba na alama zilizogongwa. Mchanga nao unakula."

Sikujizuia. Nilisema kwa Kiingereza changu cha shule: bwana, iache. Wote wakanigeukia, kijana wa kuosha magari! Nikaeleza habari ya gobore la Inyonga kwa kifupi, na mwindaji akanisaidia kutafsiri pale nilipokwama. Mgeni alisikiliza, akacheka, akauliza babu alinifanya nini. Nilipomjibu kwamba hakunifanya kitu aliacha kucheka. Aliwinda siku zake kumi na raifo yenye chunusi, na mafuta kidogo kwenye ukingo wa komeo kila jioni.

Haki ni haki, yule mgeni naye hakuwa na kosa kudai kazi safi kwa fedha yake. Bunduki ya jana haina historia ya kupotea, na fundi aliyepokea malipo arudie kazi. Ninalolisema ni kwamba mtu atazame kwanza kama dosari inakula chuma au inaonekana tu, na aliyeitia ni nani. Mimi sikuuliza hata moja kati ya hayo mawili.

Kwa mfano, zipo dosari ambazo msasa wangu haukuziondoa. Badala yake ulizifichua. Kwenye bamba la mtambo, nilipokwisha kuling'arisha, yalijitokeza madoa mawili ya mviringo ya rangi ya shaba. Wakati ule nilidhani ni ubovu wa chuma. Sasa najua ni matundu yaliyozibwa. Gobore letu ni la fataki, unavisha fataki juu ya kile kichuchu ambacho wazee wanakiita kifa. Lakini lilizaliwa gumegume, la kugonga jiwe litoe cheche, na hayo matundu ndipo zilipofungwa skrubu za vyuma vya gumegume kabla hazijang'olewa. Nalo hilo lina maana yake. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia silaha za kisasa kuuzwa kwetu, ukaruhusu bunduki za gumegume tu zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na Liège iliendelea kuzitengeneza. Anayepokea gumegume baada ya 1890 kwa kawaida angebaki nayo hivyo hivyo. Iliyogeuzwa kuwa ya fataki inaelekea zaidi kuwa ya kabla ya hapo, maana Ulaya waliyageuza mengi ya namna hiyo kuanzia miaka ya 1840.

Nilimpelekea babu habari hiyo mwanzoni mwa mwaka 2018. Alikuwa haoni vizuri tena. Nilimshika kidole nikakiweka juu ya madoa yale.

"Kwa hiyo ni la Mirambo," alisema.

"Inaelekea, babu. Lakini yawezekana pia mhunzi wa hapa ndiye aliyeligeuza baadaye." Kwa maana wahunzi tulikuwa nao. Jirani zetu Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, malungu, hadi karne ya 20, na mtu anayeweza kutoa jembe kwenye mawe hashindwi kuziba tundu.

"Wewe," alisema babu, "kila ukinipa kitu unachukua." Alikuwa anatabasamu, nadhani.

Alifariki mwaka 2019. Baada ya arobaini ukoo ulikaa, na jambo la gobore likaja. Kibali kilikuwa cha marehemu, si cha ukoo, na chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015 hatukuwa na haki ya kuendelea kulitundika ukutani. Nchi hii imeona mengi kwa ajili ya magobore. Porini kwetu yapo hata yanayotengenezwa kwa vyuma vya usukani wa gari, na tembo wengi wamekufa kwayo. Hakuna aliyebisha. Ilikubaliwa mimi na babu mdogo tulipeleke kituoni.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nililiweka mezani chini ya taa. Nilikuwa nimesoma kwamba alama ikigongwa chumani, nyundo hukandamiza na chuma kilichoko chini yake, na ndiyo sababu maabara za polisi huweza kurudisha namba iliyosuguliwa kwa kupaka tindikali. Tindikali sikuwa nayo na nisingethubutu tena kulipaka kitu. Nilichukua karatasi nyembamba ya daftari, babu mdogo akaushika mtutu usicheze, nikalaza penseli na kusugua, safari hii polepole.

Ukatokea mstari. Mstari uliopinda, urefu wa ukucha, basi.

"Hilo ni taji," alisema babu mdogo. "Ndiyo mgongo wake huo. Karema."

Mimi niliona ubavu wa yai. Tuligeuza karatasi, tukaisogeza kwenye taa, tukabishana mpaka mafuta yakakaribia kwisha.

Asubuhi, kituoni, afande alifungua daftari kubwa akapima urefu, akatazama mtambo, akauliza aina, akaandika gobore. Alitafuta namba, akageuza upande wa pili.

"Halina alama?"

Babu mdogo alinikanyaga mguu chini ya meza, kwa kuwa anayefuta alama kwenye bunduki huwa na maswali ya kujibu.

"Zilikuwepo, afande," nilisema. "Zimesuguliwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Nilikuwa mtoto, nilitaka ling'ae."

Alinitazama kwa muda, akamtazama mzee, akatazama misumari yangu miwili kitakoni na matone ya rangi ya geti. Kisha akainama akaandika.